Bakuli Lisiloogopa Moto

Dada Asya,

Ijumaa nilipokuja kaburini nilikudanganya.

Nilisimama pale na koti langu refu, mvua ile ya huku isiyonyesha wala isiyoacha, nikakwambia arubaini yako imepita vizuri, watu wamekula wakasaza, na mabakuli yako yote matano yamerudi kabatini yamekaushwa. Nikatia na chumvi: nikasema sheikh alilia mpaka akaomba kitambaa. Hakulia, dada. Alikuwa anawahi basi. Nilipomaliza nikageuka niende zangu, miguu ikakataa. Nikajiambia, wee Makame, umewadanganya walio hai wa Tottenham nzima wakaisha, sasa umehamia kwa wafu? Na mfu mwenyewe ndiye aliyekubeba mgongoni?

Ndiyo maana naandika. Ulimi wangu unaujua, ukishaachiwa haushikiki. Mkono ni mzito, kila neno naliburura kama gunia, na uongo unataka mtu mwepesi. Chuo nilikimbia, skuli sikuiona mlango, na mwandiko wangu ulikuwa ukiuita siafu waliomwagiwa maji. Basi vumilia siafu wangu.

Nianze na mazuri. Lifti ya jengo lenu imetengenezwa, baada ya wewe kupanda ngazi miaka yote ile na mifuko ya mchele. Nilipoiona inafanya kazi nilitaka kuipiga teke. Mama Mghana wa mlango wa pili bado anaulizia ile kachori yako. Mrehani wako wa kwenye kibaraza unaishi. Naumwagia maji mie. Mwanao Rahma anasema naumwagia mno, lakini nani anajua mimea kuliko mimi, mtu niliyeotesha...

Aa. Umeona? Nimeanza. Mrehani unaishi, basi.

Sasa mabakuli.

Hebu nikukumbushe siku niliyokuletea, maana naipenda, ingawa leo naikumbuka uso chini. Nilikuja nimeyafunga kwenye taulo, ndani ya begi la magurudumu. Ukafungua moja moja juu ya kitanda. Mazito, udongo uliookwa ukawa jiwe, ukiligonga kwa ukucha linalia ngi! Rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, na ndani yake maua yaliyochorwa kwa mkono, meupe, vikonyo vya rangi ya kutu, majani mawili matatu ya kijani cha kufifia. Ukasema, "Asumini za Kijapani hizi." Ukaligeuza lile moja ambalo mchoraji mkono ulimteleza, tone la rangi limeanguka nje ya ua peke yake kama limefukuzwa. Ukacheka. "Hili ndilo lako, Makame. Halikutulia pamoja na wenzake."

Tokea siku ile mchuzi wa Idd ukawa haupakuliwi kwenye chombo kingine. Sinia la wali katikati, bakuli la mchuzi juu yake, na watu wakishakula mpaka maua yaonekane, ndipo unasema, "Haya, Makame, watu washafika kwenye maua. Tupe Japani."

Na mie natoa Japani.

Unaijua hadithi yote, lakini iache ipite mara ya mwisho, kisha nitaizika. Kwamba nilipokuwa baharia meli yetu ilitia nanga kule, nikashuka, nikapanda mlima, nikamkuta mfinyanzi mzee ndevu mpaka kitovuni. Kwamba alinipa chai nikanywa vikombe vingi mpaka akaniita mwanawe. Kwamba alilichukua bakuli akalitupa ndani ya tanuri linalowaka, akalitoa jekundu, akalimwagia maji ya baridi, nalo halikufanya hata ufa. Akaniambia, bakuli hili limezaliwa motoni, mtoto haogopi nyumba ya mama'ke. Na miaka ikipita akanitumia matano kwa meli, kwa mapenzi tu.

Mwanzo bakuli lilikaa motoni kitambo kidogo. Ramadhani ya pili likalala humo usiku kucha. Mwaka jana nafikiri liliingia siku tatu, na mfinyanzi akawa kipofu. Wewe ulikuwa unanitazama na kijiko mkononi, unasema tu, "Eee. Kumbe." Na Rahma, mdogo, mdomo wazi, chembe za wali zinamdondoka.

Sasa kweli. Japani niliiona, wallahi hii si chumvi. Niliiona kwa dirisha la duara. Mvua, makreni, na mtu mmoja kavaa koti la njano anakula ndizi. Karatasi zangu hazikukamilika, sikuruhusiwa kushuka. Ndiyo Japani yangu yote, mtu na ndizi.

Na mabakuli yalitoka hapa hapa London, kwenye ule mkahawa wa Mjapani mjini, ambako nilikwambia kwamba mimi ni mpishi mkuu.

Sikuwa mpishi mkuu, dada. Nilikuwa muosha vyombo.

Chini kabisa, chumba hakina dirisha, sinki mbili na mvuke. Aproni ya mpira mpaka kwenye fundo za miguu. Vijana wa kupika, wadogo kuliko viatu vyangu, wakinipigia kelele kwa jina la hovyo. Mwenye mkahawa, mzee wa Kijapani mfupi, mstaarabu, yeye ndiye pekee aliyenionyesha kitu. Mabakuli yale ya maua hakutaka yaingie kwenye mashine. Akayashika, mkono wake juu ya mkono wangu, hivi: kwanza yaloweke kwenye maji ya vuguvugu kabla hujatia chakula, udongo unywe ushibe, ndipo mafuta hayatapenya. Usiyatoe baridini ukayatia moto. Na jikoni kwenye ule moto wa gesi akanionyesha kidole, akatikisa kichwa, akafanya sauti ya kuvunjika na mdomo wake. Paa!

Hiyo ndiyo elimu yangu niliyopewa. Nikaichukua, nikaigeuza kichwa chini miguu juu, nikakuletea nyumbani nipate kupigiwa makofi.

Alipouza mkahawa akanipa matano yaliyobaki, yasiyotosha kuuzwa. Ndiyo hayo.

Basi arubaini yako. Wanaume tumejaa sebuleni, wanawake chumbani na jikoni, hitma imesomwa, tunamngoja sheikh aje na dua, na sheikh yuko kwenye basi lililokwama. Michuzi ilishapakuliwa. Inapoa. Mafuta yakaanza kuganda juu ya asumini zako. Wifi yako Bi Raya yuko pale anasimamia, unamjua, mtu wa kuonja mchuzi wa mwenzie kama anaonja dawa. Akasema, "Rahma, watu watakula mafuta ya mgando kwa mama'ko?" Mtoto akahangaika. Kwenye maikrowevu bakuli haliingii, kubwa. Sufuria zote zilishatiwa maji. Akachukua bakuli moja, akaliweka juu ya jiko la gesi, akawasha.

Lile lako na langu, dada. Lenye tone lililofukuzwa.

Sebuleni tulisikia paa! kama bunduki. Sauti ile ile ya yule mzee, ila hii haikutoka mdomoni. Nikainuka, nikafika mlangoni mwa jiko. Mchuzi unatiririka kwenye jiko mpaka chini, moto umezimika, kipande kimoja kinazunguka sakafuni hakitaki kutulia. Na Rahma mikono hewani.

Bi Raya akapiga kelele ambayo hata Mama Mghana aliisikia. "Mama'ko hata udongo haujakauka, ushaanza kumvunjia vyombo! Watoto wa Ulaya nyinyi, mnazaliwa hapa hapa, hamjui moto hamjui maji! Nani anaweka bakuli jikoni?"

Wanawake wakatia maneno yao. Mmoja akasema, masikini Asya, kafa na nyumba yake. Rahma akanitazama. Yeye Kiswahili anakisikia lakini siku zote anajibu kwa Kiingereza, siku ile alijibu kwa Kiswahili, taratibu, kila mtu aelewe. Akasema, "Mjomba alisema haliogopi moto."

Wote wakanigeukia. Na nyuma yangu wanaume washajipanga, wananichungulia begani.

Hapa ndipo mkono wangu unakuwa mzito kweli.

Ningeweza kusema neno moja tu. Badala yake nikacheka, nikasema, "Moto wa kuni, mwanangu! Yule mzee alisema moto wa kuni. Gesi ni moto mwengine kabisa, gesi haina adabu."

Watu wakapumua. Kuna aliyesema, "Ah, basi kumbe." Mwengine akasema lau Mjomba Makame angekuwepo jikoni lisingetokea. Mwanamme mmoja akanipiga begani. Nami nikalipokea pigo lile kama medali, dada, nikarudi kukaa, na nikala. Wali ule nilikula nikaongeza. Mtoto wako yuko chini magotini anaokota mchuzi na vigae, na mdogo wako anaeleza sebuleni tofauti ya moto wa kuni na wa gesi.

Baada ya hapo Rahma akabadilika. Mabakuli manne aliyafunga kwenye magazeti akayapandisha juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Chakula anakula kwenye sahani za karatasi. Nikamwambia, haya, Idd inakuja, nani anakuja kukata vitunguu? Akasema kwa Kiingereza chake, hakuna Idd hapa mwaka huu, nitanunua chakula Edgware Road, atakayetaka aje ale arudi kwake. Nikasema mama'ko hakuwahi kununua chakula cha Idd. Akasema, "Mama alijua kupika na kutunza vyombo. Mie nimezaliwa hapa." Maneno ya Bi Raya, katika mdomo wa mwanao. Hakulia hata. Angalau angelia.

Nikaona nyumba yako inafungwa, na aliyeifunga ni mimi na gesi yangu isiyo na adabu.

Basi ndipo nikaja Ijumaa kukusimulia, na badala ya kusimulia nikadanganya. Nilipotoka makaburini nilipanda basi, nikapitisha kituo changu, nikapitisha na cha pili.

Jumapili nikaenda kwenu. Sikuvaa kofia yangu ya tarabushi, ili ujue nilikuwa na hali gani. Nikamkuta Bi Raya na wenzake wawili sebuleni wanakunja kanga zako za kutoa sadaka, na Rahma jikoni anaosha vikombe. Nilitaka kumwita Rahma pembeni nimnong'oneze. Nikakumbuka sikumtia aibu kwa kunong'ona.

Nikasimama katikati ya sebule, juu ya zulia lako, nikasema, "Bi Raya, bakuli la Asya nimelivunja mimi."

Akasema, "We ulikuwa sebuleni."

Nikasema, "Nililivunja siku nyingi. Mtoto kalimalizia tu." Nikawaambia: haliwekwi motoni, uwe wa kuni, wa gesi wala wa mshumaa. Nilionyeshwa nikajua, nikasema kinyume chake ili nyinyi mnishangae.

Bi Raya akaweka kanga chini. "Na yule mzee mwenye ndevu?"

"Hakuna mzee mwenye ndevu."

"Mlima?"

"Hakuna mlima."

"Chai je, Makame? Chai ulikunywa ukaitwa mwana?"

"Chai nilikunywa, lakini hapa London, na nililipa."

Akanitazama, akasema, "Ehe, na Japani yenyewe ipo, au hiyo nayo umeifinyanga?" Wale wawili wakaangua kicheko, mmoja kajifunika kanga yako usoni. Nikasema ipo, nimeiona dirishani. Wakazidi. Mimi, dada, niliyewachekesha watu miaka yote hii kwa nilichokitaka mimi, siku ile nilichekwa kwa kilichokuwa kweli. Si sawa. Kicheko kile kinaingia kwa mlango mwengine.

Nikaona bora nimwage chote, gunia likishatoboka halishonwi njiani. Nikasema na upishi mkuu pia hakuna. Nilikuwa naosha vyombo, chini, na mabakuli haya nilikuwa nayaosha mimi kila siku mpaka nikayajua kwa vidole. Hapo kicheko kikakatika. Bi Raya akaokota kanga yake, akawa anaikunja na hanitazami. Baadaye akapaza sauti kuelekea jikoni, ya ukali ule ule, hajui nyingine: "Rahma! Mwanangu! Nilikusema mbele za watu, na Idd nitasema mbele za watu vile vile kwamba nilikosea. Sori!" Akamaliza na sori, mwanamke yule. Sikuamini masikio yangu.

Nikaingia jikoni. Rahma kanipa mgongo, maji yanamwagika. Nikasema, umesikia? Akasema nimesikia. Nikasema nisamehe, nimekufanya uamini uongo wa baharini.

Akafunga bomba. Akaniambia jambo, na sasa nakuandikia wewe kama unalijua, maana unalijua. Ulilijua kabla yangu.

Unaikumbuka siku shemeji alipopelekwa hospitali ghafla, ukaja mpaka mkahawani kunifuata, Rahma umemshika mkono, bado mdogo? Mimi nimeisimulia siku ile mara ngapi kwa fahari! Yule binti wa kupokea wageni alishuka akaniambia dada yako yuko nje anamuulizia Makame, mpishi mkuu. Nikavua aproni, nikafuta uso, nikapanda juu kifua mbele. Nawe umesimama kando ya barabara, mume'o yuko taabani, ukapata nafasi ya kuniambia, "Samahani kukutoa kwa wapishi wako, Makame." Nikasema si neno, watanisubiri.

Rahma ananiambia mlikuwa mmeshashuka. Mliingia kwa mlango wa nyuma, uliokuwa wazi kwa ajili ya mvuke, mkasimama kwenye ngazi mkaniona. Aproni, sinki, na yule kijana ananipigia kelele. Ati mimi nilikuwa na bakuli la maua mikononi, naliosha taratibu, na kelele zile kama sizisikii. Rahma akataka kuita, ukamziba mdomo kwa kiganja. Mkapanda tena juu, mkazunguka mpaka mlango wa mbele, ukaulizia mpishi mkuu.

Mumeo hospitali, dada. Na ulipata muda wa kuzunguka jengo zima.

Ananiambia alikuuliza kwenye basi, mbona mjomba anaosha vyombo? Ukamwambia, "Anaosha vizuri. Na yeye akisema ni mpishi, sisi tunamwita mpishi." Na nilipokuja na yale mabakuli ndani ya taulo, usiku wake ulimwambia mwanao, "Haya si ya Japani, haya ni ya mikono ya mjomba'ko. Yatunze."

Nikamuuliza, basi kama ulijua hadithi yangu ni uongo, kwa nini uliweka bakuli motoni?

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. Akasema kwa Kiingereza, polepole, na mimi nakutilia kwa maneno yetu: mlima sikuuamini, mjomba, wala ndevu. Lakini nilijua umeyaosha miaka. Nikasema, hilo la moto atakuwa analijua kweli. Kama kuna mtu anayajua mabakuli haya, ni yeye.

Dada Asya. Hakumuamini baharia. Alimuamini muosha vyombo. Kitu kimoja cha kweli nilichokuwa nacho, nilichokificha maisha yangu yote kisionekane, ndicho alichokitegemea mwanao, na hicho hicho ndicho nilichokuwa nimekitia sumu.

 

Nikapanda juu ya kiti, Rahma anashika kiti na anapiga kelele nitaanguka, nikateremsha magazeti. Nikajaza sinki maji ya vuguvugu. Nikashika mkono wake, nikauweka chini ya wangu, kama nilivyoshikwa. Nikamwonyesha: hivi, taratibu, acha linywe lishibe. Viputo vidogo vikapanda kutoka kwenye asumini. Akacheka kidogo. Akasema, mama hakuwahi kunionyesha hivi. Nikasema mama'ko hakuonyeshwa, aliyetakiwa kumwonyesha alikuwa mlimani.

Kipande chenye lile tone ninacho mimi. Rahma alikuwa amekiweka kando, hakukitupa. Kipo juu ya dirisha langu, pale ninapochemshia chai.

Idd tunapika, dada. Rahma kasema. Mimi nakata vitunguu, Bi Raya ataonja na kukunja uso, Mama Mghana nimeshamwambia aje. Mabakuli manne yataloweshwa kabla ya sala. Sinia la tano tutaliwekea bakuli la plastiki la buluu, lile ulilokuwa ukioshea mchele.

Nakuahidi. Si kunyamaza, hilo hutaliamini hata ukiwa huko. Hadithi nitatoa, watu wakishafika kwenye maua. Lakini itakuwa ya chumba kisicho na dirisha, na mzee mfupi aliyenishika mkono, na mwanamke aliyezunguka jengo zima mume wake akiwa mgonjwa.

Lala salama, dada'ngu. Mungu akuweke pahala pa baridi, mbali na moto wa kuni na wa gesi.

Na siku ya Idd wataona bakuli la plastiki juu ya sinia, watauliza la tano liko wapi. Nitajibu mimi, kabla Rahma hajafungua mdomo.

Mdogo wako,
Makame, muosha vyombo